Nilinyoa Kabla ya Msiba

Wadogo zangu wa kituo cha afya, siku mliyoniaga mlinipiga picha nyingi kuliko nilizopigwa siku ya harusi yangu, na katika zote nina kipara. Baadaye nikaletewa maneno. Kuna anayesema nimestaafu pamoja na nywele zangu. Mwingine anasema ni mtindo, eti bibi naye anataka kwenda na wakati. Na wale wa dirisha la dawa, ambao kazi ikipungua hugeuka watabiri, wameshaamua kwamba naumwa. Nimeona heri niandike mwenyewe. Kichwa hiki nimekinyoa mara mbili tu katika miaka yote ya kazi. Mara ya kwanza nilikosea. Vyeo na mishahara sitavigusa, mkivitaka faili langu lipo ofisini na vumbi lake.

Nilipangiwa zahanati ya Ukata, milimani Ruvuma, nikitokea chuoni, binti wa Kinyamwezi kutoka Tabora ambaye hakuwahi kuona mlima uliolimwa hadi kileleni. Nilishuka kwenye lori na sanduku la bati, na kichwani nywele za kalikiti, zile zilizotiwa dawa zikajikunja na kung'aa mafuta mpaka kola ya gauni inalowa. Nilijiona malkia. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, na aliyenipokea ni muuguzi mzee wa Kimatengo, Mama Ndunguru, mfupi, mwenye mikono iliyonuka sabuni ya mche hata siku ya Jumapili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu sana. Hayo mafuta yanadondoka?"

"Kidogo, mama."

"Basi leo hufungi kidonda. Nenda kachemshe vyombo."

Nilichemsha vyombo wiki nzima, kwenye jiko la mafuta ya taa lililotaka kubembelezwa kama mume aliyenuna. Ijumaa nikaomba mkasi mwenyewe. Alinikata, akakusanya zile nywele kwenye gazeti, akaniambia nizichome mwenyewe ili nisije kudai zimepotea. Jumatatu nikafunga kidonda changu cha kwanza, mguu wa mkulima aliyejikata kwa jembe kwenye shamba la kahawa.

Mama Ndunguru hakuwa mwalimu wa maneno mengi, lakini hakumgusa mgonjwa kabla ya kumwambia kila kitu. "Baba, sasa nakushika mguu. Sasa utasikia baridi, ni spiriti. Sasa itawasha." Hata mtoto wa siku mbili alimwambia. Siku moja nilicheka, maana nilimkuta anamweleza kichanga habari za kitovu chake. Akanitazama mpaka kicheko kikanikauka.

"Mwili si wako," akasema. "Ukiingia kwa mtu bila hodi utafukuzwa, hata kama umebeba chakula."

Mwaka wangu wa pili alifiwa na kaka yake. Aliporudi kazini alikuwa amenyoa, na ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi wenu mliozaliwa huku mmelinyonya na maziwa. Matanga yakiisha, ndugu wa marehemu hunyoa. Anayekutana na mwanamke mwenye kipara haulizi kitu, anatoa pole. Wanawake wote wa kliniki siku ile walianza na "Pole na msiba, mama," kabla hata ya shikamoo. Na kila alipoingia chumba cha kuzalishia, Mama Ndunguru alifunga kitambaa cheupe kichwani. Nikamuuliza sababu.

"Anayesukuma mtoto asione msiba," akasema. "Huku kichwa kinasema kabla ya mdomo."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, chini ya vipimo vya klorini. Nilidhani nimeyaelewa.

Miaka ya Liparamba, nilikohamishiwa baadaye, nitairuka. Mambo yake ni ya baiskeli, pancha, na nyani walioingia stoo wakala maboksi mawili ya dawa ya kuongeza maji mwilini. Hawakuharisha, hilo naweza kulithibitisha. Huko ndiko nilikokutana na Mwalimu Haule, mwenyeji wa Ziwa Nyasa, akanioa, na alipohamishiwa kwao nami nikaomba uhamisho. Ndivyo nilivyofika kituoni kwenu, nikapewa chumba cha vidonda, na sikuondoka tena.

Mama Zawadi nilimjua kwanza kwa usipa, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa Mngoni aliyeolewa ziwani, mjane wa siku nyingi, na chanja zake za kuanikia zilikuwa jirani na njia yangu ya kwenda kazini. Wanyamwezi na Wangoni ni watani, basi tangu siku aliyojua kwetu ni Tabora hakuniita sista tena. Aliniita Mpagazi, kwa sababu babu zangu walibeba mizigo ya watu. Nami nilimwita Mkimbizi, maana babu zake walikimbia kutoka kusini mpaka pumzi zikawaishia hapa Ruvuma. Akinipimia usipa alichanganya na vichwa vya jana makusudi, akaniambia wapagazi hawajui samaki. Nilimpenda sana mwanamke yule.

Asubuhi moja alikuja chumba cha vidonda, akafunga mlango mwenyewe. "Mpagazi, weka utani pembeni. Nina kitu hapa kwenye titi." Nikamwomba ruhusa, nikanawa, nikamgusa. Kilikuwa kigumu na hakikusogea. Niliandika rufaa siku ileile, kwa mwandiko huu mliozoea kuusifia, nikakosea, nikachana karatasi nikaandika nyingine.

Sitawachosha na habari za hospitali ile ya mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akapangiwa dawa za saratani za kuingia kwenye mishipa, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Kati ya safari na safari alikuja kwangu nimsafishe kidonda na kumpima damu. Ya kwanza alirudi ametapika njia nzima lakini anacheka. Ya pili alirudi na bahasha ya nywele zake. Zilimtoka zote, akamalizia kwa wembe zile chache zilizobaki.

Alhamisi, siku tisa kabla ya safari ya tatu, aliketi kwenye kiti changu cha wagonjwa akasema, "Mpagazi, siendi tena."

"Kwa sababu ya kutapika? Kuna vidonge..."

"Kutapika nimezoea. Ni hizi pole." Akajipangusa kichwani kwa kiganja. "Nikitoka ndani, pole na msiba. Nikifika kwenye chanja, pole na msiba. Jana wifi yake yule jirani yangu Mama Komba kaniletea bakuli la unga wa mihogo. Nikamuuliza, wa nini? Akasema, tumesikia una msiba, hatukujua nani kafa, tukaona aibu kuuliza."

"Ukamrudishia?"

"Ningemrudishiaje? Nikapika. Nimekula rambirambi yangu mwenyewe."

Nilitaka kucheka, naye aliona kuwa nataka, lakini macho yake yalijaa machozi, nikaacha. Nikamwambia afunge kitambaa. Akasema amefunga, upepo wa ziwa unakivua, na akikikaza wanasema anaficha msiba. "Kutwa watu wananiambia kuna maiti nyumbani kwangu," akasema. "Nikiangalia ndani, niko peke yangu. Sasa maiti ni nani?"

Barua ya madaktari wake niliishika mkononi. Ilisema dawa zisikatishwe. Mimi si daktari wa saratani, lakini miaka ile nilikwisha kuwafunga vidonda watu waliokatisha, na nilijua wanavyorudi. Mtani wangu angekufa kwa sababu ya salamu. Hilo ndilo lililoninyima raha siku tatu zile.

Ijumaa Sista Happy, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuo, alinionyesha video kwenye simu. Wauguzi wa nchi gani sijui walikuwa wananyoa vichwa pamoja na mgonjwa wao, wote wanacheka na kupiga makofi. Tulilia wote wawili, Happy kwa sauti. Nikajiuliza, kwa nini si mimi? Sikukurupuka, msinidhanie hivyo. Nilipiga hesabu zangu. Mimi ni nesi, naonana na wanawake arobaini kwa siku. Nikinyoa watanipa pole, nami nitawajibu hakuna msiba. Watashangaa, watauliza, nitawaeleza habari za dawa zinazotoa nywele, na kabla ya safari ya Jumamosi pwani nzima ya ziwa itakuwa imejua. Mpango ulikuwa mzuri. Hata leo nikiutazama nauona mzuri.

Nilimwendea mganga mfawidhi, mkuu wetu wakati huo, kijana kutoka Moshi, mpole, mpenzi wa nyaraka. Akafungua kabrasha la mavazi ya watumishi akasoma kwa makini.

"Sista, mwongozo unasema nywele ziwe nadhifu," akasema. "Hausemi ziwepo."

Mume wangu ndiye aliyekuwa na pingamizi. "Mke akinyoa, huku watauliza mume kafa lini."

"Utawaambia hujafa."

"Watasema mzimu unajitetea."

Hata hivyo alininyoa yeye, Jumapili baada ya ibada, kwenye baraza ya nyuma, na wembe mpya. Alinikata mara mbili, pale juu ya sikio la kushoto kovu bado lipo. Alipomaliza alinitazama muda mrefu, akasema ninafanana na dada yake mkubwa. Sikuwahi kujua kama ni sifa.

Jumatatu ilikuwa vurugu. "Pole na msiba, Sista. Mwalimu katutoka lini?" Mwanamke wa nne alishalia kabla sijafungua mdomo. Saa sita mume wangu ikabidi aje kituoni, aketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje, aonekane anapumua. Alisalimiana na watu kwa adabu zote, na mzee mmoja akamshika mkono akaubonyeza kuhakikisha. Lakini mpango ulifanya kazi. Waliuliza, nikaeleza, wakasema "kumbe!" Nikarudi nyumbani nimejaa kiburi.

Jumanne akaja Mama Zawadi kupimwa damu. Nilisimama nimpokee, natabasamu kama wale wa kwenye video. Aliishia mlangoni.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mtani. Ni..."

"Mwalimu?"

"Mwalimu mzima."

"Mama yako Tabora?"

"Alikwenda zamani, unajua. Mtani, njoo ukae, nilitaka..."

Sikuwahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu kama alivyozeeka pale. "Wamekuandikia," akasema polepole. "Madaktari wamekuandikia barua, wamekwambia. Na wewe umeanza kuniomboleza, mimi niko hai nakutazama." Akageuka. Nilimfuata hadi getini nikimwita, na wanawake wa kliniki wote wakituona, vipara viwili, mmoja akikimbia na mwingine akifukuza. Hakugeuka nyuma.

Nilirudi chumbani nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Ndipo lilipokuja lile neno la Ukata, kichwa kinasema kabla ya mdomo. Nilikuwa nimewaeleza watu arobaini wa kliniki, na mume, na mfawidhi, na mwongozo wa mavazi. Yule mmoja niliyenyoa kwa ajili yake sikumwambia. Wale wa kwenye video huenda kwao kichwa hakisemi kitu. Mimi nilikuwa nimeishi Ruvuma zaidi ya nusu ya maisha yangu, sikuwa na kisingizio. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa.

Jumatano nilimtuma Happy, akarudi akisema amefungiwa mlango. Alhamisi nikaenda mwenyewe mchana. Nilimkuta amekaa mkekani uani, anagawa vitenge vyake mafungu mawili. Binti yake Zawadi alikuwa ameegemea ukuta, analia bila sauti. Zile chanja hazikuwa na hata usipa mmoja.

"Hodi," nikasema.

Nikabaki nimesimama juani na kipara changu. Nikapiga hodi mara ya pili, kisha ya tatu. Mwishowe Zawadi akasema, "Mama, Sista anaungua."

"Karibu," akasema, bila kunitazama.

Nikakaa chini. "Mtani, nimekosa. Siwezi kumshika mgonjwa mkono bila kumwambia nataka kuushika. Wewe nimekunyolea bila hodi."

Akaendelea kukunja kitenge. "Barua inasemaje?"

"Hakuna barua nyingine. Ni hii uliyoileta mwenyewe." Nilikuwa nimekuja nayo. Nikamsomea yote, kwa Kiswahili, neno kwa neno, tangu namba ya faili hadi muhuri. Nilipofika pale wanaposema kidonda kinapona vizuri, mkono wake ukasimama. Nilipofika pale wanaposema dawa zisikatishwe, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo ulinyoa kwa nini?"

"Ili wakupe pole nusu, nusu nyingine wanipe mimi."

Akanitazama. Kwanza ulianza kutikisika mdomo, halafu mabega. "Nyie wapagazi!" akasema. "Nyie wapagazi hamna akili! Mzigo wa mtu haujafungwa, mmeshajitwisha!" Alicheka mpaka akashika upande wa kidonda, nami nikacheka, na Zawadi akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akaninyooshea kidole.

"Ukitaka kuninyolea tena, subiri nife kwanza."

"Nitasubiri, mtani. Na Jumamosi?"

Alinyanyua kitenge cha juu kwenye fungu la binti yake, kile cha maua ya njano, akakiweka mapajani. "Kesho ni siku ya soko," akasema. "Tutapita wote, bila vitambaa. Na kujibu utajibu wewe."

Tulipita. Kuanzia kwenye mihogo hadi kwenye samaki, kila meza.

"Poleni na msiba."

"Hakuna msiba, mama. Huyu ni dawa za hospitali, zinatoa nywele, zitaota."

"Na wewe, Sista?"

"Mimi ni ujinga tu."

Mama Zawadi alikuwa nyuma yangu na kile kitenge cha maua ya njano, akiongezea kwamba mpagazi huyu amemkodi. Tulipofika mwisho watu walikuwa wanacheka, na wifi yake Mama Komba aliomba radhi kwa ule unga. Akaambiwa ulikuwa mtamu, alete mwingine. Jumamosi alipanda basi. Zawadi alivirudisha vitenge sandukuni mwenyewe.

Alimaliza zote sita. Nywele zilirudi laini, za kijivu, akazisuka mtindo wa twende kilioni akisema anataka kuona kilio cha nani. Aliuza usipa miaka mingine mingi, na vichwa vya jana akaendelea kunichanganyia. Na pwani yetu ikapata tabia mpya, sijui kama mmewahi kujiuliza ilitoka wapi. Ukikutana na mwanamke mwenye kipara, siku hizi unauliza kwanza: msiba au dawa? Nimehudhuria semina nyingi kazini, hata zile zenye soda, na sijui iliyowahi kufundisha watu wengi kiasi hicho.

Mwaka jana ugonjwa ulirudi. Mlimuuguza wenyewe, kitanda cha dirishani, na mlimuuguza vizuri, nawashukuru. Siku zake za mwisho nilikuwa nikimaliza zamu nakwenda kukaa naye. Siku moja alinyoosha mkono akanishika nywele zangu, ambazo zilikuwa nyeupe tayari.

"Zimekuwa ndefu, Mpagazi."

"Zimekuwa, Mkimbizi."

"Usiwahi tena."

"Siwahi."

Kwenye matanga mtani anatakiwa alete vichekesho, achukue sufuria akimbie nayo, awafanye wafiwa wacheke. Nilishika sufuria, nikashindwa kunyanyuka. Siku ya kunyoa ilipofika, shemeji wa marehemu, mvuvi, alitoka na beseni na wembe, ndugu wakakaa mstari mmoja mkekani, nami nikakaa mwisho wa mstari.

"Sista, wewe mtani," akasema. "Mtani halazimishwi."

"Najua, shemeji."

Akachutama mbele yangu. "Haya, Sista. Sasa nakushika kichwa," akasema. "Maji ni ya baridi."

Mama Ndunguru hakuwahi kufika ziwani, na mvuvi yule hakuwahi kumsikia. Nililia hapo kuliko nilivyolia kaburini.

Jumatatu nikarudi kazini, zikiwa zimebaki wiki mbili nistaafu. Kwenye chumba cha kuzalishia nilifunga kitambaa cheupe, kisha nikakivua nilipoingia chumba cha vidonda. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama kijana, sikumjua, mguu umeungua kwa uji. Akakitazama kichwa changu.

"Shikamoo, Sista. Msiba au dawa?"

"Marahaba. Ni msiba," nikamwambia.

"Pole sana."

"Asante, mwanangu. Sasa nakushika mguu."